Nyumba Haikuuzwa

Usiku mmoja baada ya Isha, kakangu alinijia na karatasi mkononi. Mama alikuwa amelala chumba cha pili. Saratani ya titi ilikwisha kuenea hadi kwenye ini, nasi tulikuwa tukishika kila tawi lililo karibu.

"Dada, tazama," akanambia kwa sauti ya chini. "Huzitoa chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, huzifunza kupigana, kisha humrudishia. Tuiuze nyumba tumpeleke India."

Niliisoma karatasi ile hadi usiku wa manane. Habari ilikuwa ya kweli, nayo inastaajabisha. Ndani ya damu yetu mna chembe ziitwazo seli T, walinzi wanaowasaka maadui wa mwili. Lakini saratani huzaliwa na chembe zetu wenyewe, kwa hiyo mara nyingi walinzi huipita kama mtu ampitavyo jirani. Wataalamu huzitoa seli hizo, na katika maabara huzitia maagizo mapya, yanayobebwa na kirusi kilichoondolewa madhara, ili ziijue alama iliyo juu ya chembe za saratani. Huzizidisha zikawa mamilioni, kisha huzirudisha kwa mshipa.

Mwaka 2012, mjini Philadelphia, Marekani, Emily Whitehead alikuwa mtoto wa kwanza kupewa tiba hii kwa saratani ya damu. Alikuwa na miaka 6, na saratani yake ya damu ilikuwa imerejea mara mbili. Kinga ilipoamka ilimwakia mwili mzima, akapoteza fahamu na kupumulia mashine, hadi dawa ya ugonjwa wa viungo ilipoutuliza moto ule. Alizinduka, na saratani haikuonekana tena. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa bei ya dola 475,000. Mwaka 2023 India nayo iliidhinisha ya kwake, iliyotokana na kazi ya IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei hiyo. Hapo ndipo kakangu alipoiona nyumba yetu.

Asubuhi tulikwenda kwa daktari wa Mama. Alitusikiliza bila kutukata kauli, kisha akasema kwa upole: "Tiba hii imeidhinishwa kwa baadhi ya saratani za damu. Huko, alama inayolengwa iko juu ya chembe ambazo mwili waweza kuishi bila ya hizo. Uvimbe wa titi ni jambo jingine. Alama zake huonekana pia kwenye viungo vizima, na uvimbe wenyewe hujizungushia ngome inayowachosha walinzi. Kwa maradhi ya mama yenu, bado ni utafiti."

Kakangu alifunika uso kwa kofia yake.

Tuliporudi, Mama alikuwa ameketi kitandani akitungoja. Kumbe usiku ule hakuwa amelala.

"Wanangu," akasema, "nyumba hii baba yenu aliiacha iwasitiri. Dawa ingekuwa yangu, ningeikubali, kwani kila ugonjwa una dawa yake. Hii Mola amewajaalia wengine." Akanyamaza kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Uvimbe niliuona tangu Ramadhani. Niliona haya kumwonesha mtu. Niliuficha mpaka baada ya Maulidi."

Miezi sita. Na miezi yote hiyo nilikuwa nikimsuka nywele kila Alhamisi, nikizungumza habari za arusi na bei za vitambaa. Sikumwuliza hata siku moja kama yu mzima.

Mama alirejea kwa Mola wake kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Allah amrehemu.

Dada zangu, sikuyaandika haya ili kukata tamaa ya mtu. Ikiwa nyumbani kwenu yupo mwenye saratani ya damu, mwulizeni daktari wake juu ya tiba hii. Lakini mwulizeni kabla hamjaiuza nyumba. Na haya tuliyofunzwa ni pambo letu, wala hayatuzuii kumwonesha tabibu maradhi.

Siku hizi kila Alhamisi binti yangu hunisuka mimi. Kabla hajashika kitana, huniuliza: "Mama, u mzima?" Nami humjibu kweli.