Kosa Lilikuwa Letu

Ziko kazi ambazo watu huziona kila siku, kama kazi ya seremala na ya mshona nguo. Na ziko kazi nyingine ambazo hapana azionaye mpaka siku zinapoharibika. Leo twataka kuwasimulia habari ya kazi moja ya namna hii ya pili, tuliyoifanya kwa siku nyingi nyumbani kwetu Shirimatunda, hapa mjini Moshi, na habari ya kosa tulilolitia ndani yake. Hatuisimulii ili tujisifu kwa elimu, kwani mtaona wenyewe ya kuwa hapana cha kujisifia. Twaisimulia kwa sababu ina funzo kwa wazazi, na kwa vijana wanaotamani kujua mambo ya kompyuta, nao siku hizi ni wengi.

Kwanza yafaa tuieleze kazi yenyewe. Kila kompyuta, iwe ile kubwa ya ofisini au ile ndogo iliyomo ndani ya simu, ina programu moja iliyo chini ya programu zote. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za kazi, na inayosema na vyombo vyenyewe vya umeme. Huitwa kerneli, yaani kiini. Iliyoenea sana duniani ni ile ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland. Simu za Android mnazozishika mikononi zaendeshwa nayo. Wala haifichwi: kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili, na kuwapelekea wasimamizi wake mabadiliko aliyoyafanya, awe yuko Ujerumani au yuko Shirimatunda.

Sasa ndani ya kompyuta mna vyombo vingi vidogo: kimoja husoma vipimo, kimoja hushughulika na mtandao, kimoja hutunza kadi ya kumbukumbu. Umeme unapokuja kwa ghafula, au chombo kinapochanganyikiwa kazini, huwa kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa kelele: hajui yuko wapi wala alikuwa akifanya nini. Kwa sababu hii watengenezaji wamekiwekea kila chombo njia ya kukiweka upya. Njia hiyo ikishikwa, chombo husimama na kusahau yote. Ikiachiliwa, chombo huanza tena katika hali inayojulikana. Sehemu ya kerneli inayoshika na kuachia njia hizo ndiyo huitwa kiendeshi cha kuweka upya. Tangu mwaka 2013, katika toleo la 3.10, Linux ina fungu lake maalumu kwa kazi hii, lililoandikwa na Philipp Zabel wa Ujerumani.

Mtu akisikia hivi atasema, "Kumbe ni jambo dogo! Kushika na kuachia tu." Nasi tulisema hivyo hivyo. Lakini mambo madogo yana miiba yake. Ziko njia zinazoshikwa kwa kuandika moja, na ziko zinazoshikwa kwa kuandika sifuri. Ukikosea, utafunga ulichodhani unafungua. Viko vyombo vinavyotaka kushikwa kwa muda fulani, pengine chembe ndogo sana za sekunde, na ukiviachia kabla ya muda huo havisikii. Tena iko njia moja inayotumiwa na vyombo viwili kwa ushirika, na hapa sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kueleza mengi. Tazama mfongo unaoteremsha maji kutoka mlimani na kupita kwenye vihamba vya jamaa wengi. Hapana mwenye haki ya kuuziba kwa sababu migomba yake imekwisha kunywa, ilhali ya jirani bado. Kerneli nayo huhesabu washirika wa njia ya namna hii, na haiifungi mpaka mshirika wa mwisho aseme, "Nami nimemaliza."

Basi tuje kwenye kisa chetu. Karibu nasi uko msikiti wenye tangi la maji, na pampu ya kulijaza. Jamaa walituomba tutengeneze kijimashine cha kupima maji tangini na kuiwasha pampu yanapopungua. Tulinunua kompyuta ndogo ya bei nafuu, yenye prosesa mbili ndani yake. Mtengenezaji wake alikuwa ametoa kerneli ya zamani tu. Nasi tulipotaka kutumia mpya, tukaona ya kuwa kiendeshi cha kuweka upya hakimo. Tukakiandika wenyewe, mistari ipatayo mia mbili. Tulikijaribu mezani mara kumi, na mara zote kumi kikafanya kazi. Tukafurahi, tukakifunga pale msikitini, na ufunguo wa chumba cha pampu tukampa mwanetu mwenye umri wa miaka kumi na minne, ili kila umeme unapokatika na kurudi, akaangalie kama taa ya kijani inawaka.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha Ijumaa moja watu walikuja kutawadha wakakuta mabomba makavu. Mashine ilikuwa imewaka, lakini haikuona kipimo chochote; na kwa kuwa tuliiagiza isiwashe pampu isipokuwa na kipimo, ilikaa kimya. Tulipoizima na kuiwasha kwa mkono ikafanya kazi mara moja. Baada ya siku tisa likatokea tena. Mara ya tatu, mzee mmoja akatuuliza mbele ya watu, "Je, hakuna anayechezea swichi humo ndani?"

Nasi tukafikiri: kiendeshi tumekijaribu, mashine ni nzima, na mwenye ufunguo ni mmoja. Tukamwita mwanetu pale pale.

"Baba, wallahi sikuigusa," alisema.

"Usiape," tukamjibu. "Lete ufunguo."

Akauleta, akatutia mkononi bila ya kusema neno, na watu wanatazama. Tangu siku ile hakutuuliza tena habari za mashine, ambazo alikuwa akizipenda. Jioni tukikaa mezani na waya zetu, yeye huchukua kitabu akaenda kukaa uani kwa mama yake. Tulidhani ni aibu ya mwenye kosa. Kumbe yalikuwa ni majonzi ya asiye na kosa.

Wakati huo huo tulikuwa tumekwisha kupeleka kiendeshi chetu kwa wasimamizi wa kerneli, ili kiingizwe katika kerneli ya wote. Kanuni yao ni ya kuwa hapana neno liingialo bila ya kusomwa na mtu mwingine. Aliyeandika hutia saini yake. Kanuni hii ya saini imekuwako tangu mwaka 2004, na maana yake ni kushuhudia ya kuwa ana haki ya kutoa alichokitoa. Na kila msimamizi anayekipitisha kwenda mbele hutia yake chini ya ile ya kwanza, hata mtu akiona mstari wowote leo, aweza kujua umetoka kwa nani na umepita mikononi mwa nani. Msomaji aliyepata kusoma elimu ya Hadithi hatashangaa, maana anaijua faida ya mlolongo wa wapokezi.

Baada ya siku chache likaja jibu la mkaguzi, mtu tusiyewahi kuonana naye. Halikuwa na sifa wala matusi. Lilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza: Rejista hii inalindwa na nini, prosesa mbili zikiiendea kwa wakati mmoja? La pili: Kwa nini hamkutumia kile kiendeshi rahisi kilichomo tayari?

Ndugu wasomaji, hatutaficha: tulikasirika. Tuliandika barua ya kumjibu, ya kuwa kiendeshi tumekijaribu mara kumi, na ya kuwa yeye hajaiona hata mashine yenyewe. Alhamdulillahi usiku ulikuwa umekwenda sana, tukaiacha bila ya kuipeleka. Asubuhi baada ya sala tukachukua kalamu na karatasi, tukalitazama swali lake la kwanza polepole.

Jambo lenyewe ni hili. Njia za kuweka upya vyombo vyote zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja, katika rejista moja, kila chombo na tarakimu yake, kama ukurasa mmoja wa daftari la duka wenye mistari ya wadeni wengi. Ukitaka kubadili mstari mmoja, huna budi kuunakili ukurasa wote, kubadili mstari wako, kisha kuurudisha ukurasa mzima. Sasa fikiri ndugu wawili wanaoendesha duka hilo. Wa kwanza anaunakili ukurasa. Kabla hajaurudisha, wa pili naye anaunakili, hali ungali wa zamani. Wa kwanza anarudisha wake, ameandika ya kuwa Fulani amelipa. Kisha wa pili anarudisha wake, wenye mabadiliko yake yeye, lakini ndani yake Fulani bado anadaiwa. Malipo yamepotea, na hapana mwizi! Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa; kosa ni la aliyewapa daftari bila ya kuwaambia, "Mmoja akilishika, mwingine angoje."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mashine inapoamka, prosesa moja huachia njia ya chombo cha kipimo, na ya pili huachia njia ya chombo cha mtandao. Mara nyingi hupishana, na mambo huwa salama. Lakini mara chache hukutana katika chembe ile ile ya wakati, na ya pili huufuta mstari wa ya kwanza. Chombo cha kipimo hubaki kimeshikwa, na tangi hukauka. Kufuli moja, mistari miwili ya kufunga na kufungua, ingaliyazuia yote.

Hata hivyo hatukutaka kukisia. Tuliirudisha mashine mezani, tukaiagiza ijizime na kuwaka usiku kucha, na kila ikiwaka iandike kama imekiona kipimo. Kabla ya adhana ya Alfajiri ilikuwa imekwama mara tatu, na chumbani hamkuwa na mtoto wala mtu yeyote.

Tulimwamsha mwanetu kwa sala, na baada ya sala tukamwonyesha ile karatasi. Akaisoma, akanyamaza. Tukamwambia, "Mwanangu, kosa lilikuwa letu. Tumekudhulumu." Ijumaa iliyofuata tukasimama pale pale penye mabomba, tukawaambia jamaa maneno hayo hayo, na yule mzee akiwapo, kisha tukampa kijana ufunguo wake mbele yao. Kumlaumu mtoto hadharani na kumwomba radhi chumbani si uadilifu. Penye jeraha ndipo patiwapo dawa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani akatuuliza, "Baba, huyo mtu wa mbali aliliona vipi kosa bila ya kuja kwetu?"

Swali hilo limetufunza zaidi kuliko vitabu. Aliliona kwa sababu maneno hayakuwa yake. Sisi tulipoyasoma tulisoma tulichokusudia kuandika. Yeye alisoma tulichokiandika. Kila aliyepita chuoni alijua jambo hili tangu utotoni: mwanafunzi huamini amesoma sawa, mpaka mwalimu aliyefumba macho pembeni amgongee ubao kwa kosa ambalo ulimi wake umelizoea.

Ama swali la pili, nalo lilikuwa na haki. Kerneli ilikuwa nacho kiendeshi rahisi kwa rejista za namna hii, na kufuli imo ndani yake tangu zamani. Tuliifuta mistari yetu mia mbili, mahali pake tukatia michache ya kukijulisha kiendeshi kile juu ya mashine yetu, na waraka wa kuieleza mashine tukaupeleka mbali, kama kanuni itakavyo. Mara ya tatu ya kupeleka, ikakubaliwa. Kazi yetu iliyo bora katika jambo hili ilikuwa kufuta.

Tangu hapo nasi huombwa mara moja moja kukagua kazi za wengine, na tumejiwekea adabu tatu. Ya kwanza, tuulize kabla ya kuhukumu, kama tulivyoulizwa sisi. Ya pili, tuseme juu ya maandishi, si juu ya mwandishi. Ya tatu, tusiandike ya kuwa tumekagua kitu ambacho hatukukisoma hata mwisho, maana huo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo hata katika mistari mitano ni uongo. Kazi hii yote imesimama juu ya amana. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walijulikana kuwa walipeleka makosa kwa makusudi ili kuwajaribu wakaguzi. Wasimamizi wakazikataa kazi za chuo kizima, na ilibidi kazi zake za nyuma zichunguzwe upya.

Enyi vijana, ikiwa mwataka kuingia katika kazi hii, mlango u wazi. Kompyuta iliyokwisha kutumika yatosha. Jifunzeni lugha ya programu iitwayo C, someni kiendeshi kimoja kifupi mpaka mkielewe kila mstari, na msione haya kazi yenu ikirudishwa. Nanyi wazazi, kitu kikiharibika nyumbani, msifanye haraka kumtazama aliye mdogo kuliko wote. Pengine aliyekosa ni yule mwenye sauti kubwa, naye hajijui.

Hivi sasa taa ya kijani inawaka msikitini, na ufunguo uko kwa mwenyewe. Jana jioni alituletea karatasi yenye mistari yake ya kwanza, akasema, "Baba, nisomee, uone kama kuna kosa." Tukavaa miwani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kukubali haki itokapo kwa yeyote, mkubwa au mdogo, wa karibu au wa mbali. Amin.