Kuulizia Mchumba Si Dhana Mbaya



Sisi si watu wa filamu za kutisha. Lakini wiki ile posa ya mdogo wetu ilikuwa imeshaletwa, jibu bado hatujatoa. Usiku, watoto wamelala, tukakaa mkekani kuangalia The Silence of the Lambs, filamu ya mwaka 1991 ya Jonathan Demme. Jodie Foster ni Clarice, mwanafunzi wa FBI anayemsaka muuaji wa wasichana.

Kilichotutia baridi si damu, ni kochi. Muuaji amejifunga mkono kama aliyevunjika, anahangaika kupakia kochi garini. Msichana anamwonea huruma, anamsaidia, anafungiwa humo humo. Ametegwa kwa wema wake.

Mdogo wetu kimya. Tukamwuliza, "Mwanetu, huyu wako tunamjua nini?" Tukahesabu: kazi yake, nyumba yake, kwamba hajawahi kuoa. Yote katuambia mwenyewe, kwa ulimi mtamu.

Mwishoni FBI na silaha zao wanavamia nyumba karibu na Chicago, wanaikuta tupu. Clarice yuko Ohio, anazungumza na baba wa msichana wa kwanza aliyeuawa, na shoga yake. Kwa kuuliza tu, anafika mlangoni kwa muuaji.

Kesho yake tukamtuma mjomba kwa majirani wa yule kijana, na msikitini kwao. Alirudi hana raha. Kijana aliwahi kuoa, na mke aliondoka kwa sababu ya kipigo. Posa tukairudisha kwa adabu, bila kutangaza. Mdogo wetu alilia siku tatu, nasi tukalia naye.

Si kila mposaji ni mtu mbaya, hasha. Wala hatusemi mpekue aibu za watu. Lakini Fatima bint Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume (s.a.w.) kuuliza. Akaambiwa wazi: mmoja hana mali, mwingine fimbo haiondoki begani mwake. Akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd.

Basi bibi harusi mtarajiwa, kabla ya ukumbi, sare na hina, waulize wanaomjua. Mwema hatachukia kuuliziwa. Na ukisikia usilolipenda, mwambie mama, usilifiche.

Allah awape waume wa kheri. Amin.