Kariakoo na Pesa ya Upatu

Wenye ndoa mtanielewa: kuna safari za mjini mnaondoka mnacheka, mnarudi hamsemeshani. Hii ya kwetu ilianza kuharibika mapema, ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, pale nilipotoa orodha yangu ya manunuzi. Mai waifu aliisoma, akaikunja, akanirudishia bila neno.

Pesa ilikuwa yake. Milioni mbili za upatu wa kazini kwao. Zamu yake ilipofika akasema tununue vyombo vya kurekodia, tuviweke kwenye kile chumba kidogo cha uani. Anaimba, na kwa miaka sita amekuwa akilipia studio za watu kwa saa, anatolewa kabla koo halijapata moto. Mimi ndiye mjuaji wa kompyuta nyumbani, basi nikajipa ukuu wa msafara.

Tukashuka Gerezani. Kariakoo ilipata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na hadi leo kila mtu pale kabeba kitu na ana haraka. Mtaa wa Aggrey nikaonyeshwa kompyuta ya mezani ya kufa mtu, ina mataa ya rangi, milioni moja na laki sita. Moyo ukanidunda.

"Shemeji, hii mashine hata filamu inatengeneza," muuzaji akanipigia chapuo.

Mke wangu akaomba wazime muziki kwanza. Akainama, akatega sikio kwenye boksi kama nesi anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Mbona inahema hivi?"

Kweli, feni zilikuwa zinavuma. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, mvumo ule ungeingia kwenye kila wimbo. Wiki nzima nilisoma habari za prosesa, za feni hata sikuziwaza. Aibu iliyoje!

Duka la tatu tukapata laptopu iliyotumika, RAM GB 16, diski ya SSD ya GB 512, laki nane na nusu, na feni yake huisikii. Kwa sauti na gitaa inatosha kabisa. Ukirekodi kwa biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, traki moja inakula MB 8.6 hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 haufiki hata GB moja. Tukaongeza intafesi ya matundu mawili na hedifoni za kufunika masikio. Spika kubwa za ndoto zangu zikabaki dukani.

Kwenye maiki ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka ya kondensa, ile inayopewa volti 48 na intafesi.

"Inanasa vizuri?" akauliza.

"Hata sindano ikianguka, dada!"

"Basi itanasa na jogoo wa mama mwenye nyumba."

Tukachukua ya dainamiki. Hiyo unaiimbia karibu na mdomo, na ya mbali haiyashughulikii sana. Kurudi Kimara sikuwa na la kusema, yeye ndiye aliyekuwa anapiga stori.

Usiku ule tukatundika mablanketi ukutani. Orodha yangu aliikunja tena, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Akaimba mistari miwili, akasimama. "Najisikia nikija nyuma yangu."

Hapo sasa ujuaji wangu ukapata kazi. Bafa ilikuwa 1,024, yaani kila fungu la sampuli linasubiriwa milisekunde 21 hivi kabla halijapita. Nikaishusha hadi 128, chini ya milisekunde tatu. Akavaa hedifoni, akajaribu, akatabasamu.

"Bonyeza, halafu usinisemeshe."

Bodaboda ikapita nje. Nikanyoosha mkono kusimamisha, akatikisa kichwa, akaendelea. Saa sita na robo bado alikuwa anaimba, na hakuna aliyekuja kumwambia muda umekwisha.