Kutoka Siyu Hadi Nyanda za Juu

Siyu, kisiwani Pate, huingiwa kwa mkondo mwembamba kati ya mikoko, na nahodha husubiri maji yajae. Mji huu wa ngome, uliosifika kwa wanavyuoni na wanakili wa Misahafu, umekaa usawa wa bahari, penye hewa nzito. Jamaa zetu waendao bara hukuta hali nyingine: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, Timboroa zaidi ya 2,700, na injini ya kawaida hupoteza kadiri ya asilimia 10 ya nguvu zake kila mita 1,000.

Basi anunuaye gari la kupandia huko achague tabo au supachaja? Supachaja huzungushwa na mkanda wa injini. Huitika papo hapo, lakini hula nguvu zile zile zilizopungua. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka. Hewa ikiwa nyepesi huongeza kasi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Kwa gari lililojaa watoto, tabo ni bora. Ila huchelewa kidogo kuitika, hivyo dereva asilipite lori mlimani kwa pupa. Baada ya kupanda, injini iachwe ingurume taratibu dakika moja kabla ya kuzimwa, ili tabo ipoe.