Wajeda wanapokutana uwanjani

Haya wadau, leo tuwaache Simba na Yanga wapumzike kidogo. Nataka tuzungumze mpira wa wajeda.

Najua wengi wetu hatuna habari kwamba wanajeshi nao wana kombe lao la dunia. Lipo, tena la siku nyingi. Wenye nalo ni Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi, maarufu kwa kifupi chake cha Kifaransa, CISM. Baraza hilo lilizaliwa Nice, Ufaransa, Februari 1948, na waasisi walikuwa nchi tano: Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg na Denmark. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika chini ya miaka mitatu tu, kwa hiyo mtu unaelewa kwa nini walichagua kaulimbiu ya urafiki kupitia michezo. Kaulimbiu nzuri. Ila mimi kila nikiisoma nakumbuka Iraq na Kuwait.

Iraq walikuwa moto katika kombe hili. Walilibeba mwaka 1972, wakarudia 1977, kisha 1979. Miaka ya mwanzo ya 1980 ikawa zamu ya Kuwait, majirani zao. Yaani kwa takribani miaka kumi hawa jamaa wawili ndio waliotamba kwenye soka la majeshi duniani. Walijuana, walikabana, walipeana mikono. Agosti 2, 1990, jeshi la Iraq likaingia Kuwait na vifaru.

Siku hiyo hiyo aliuawa Sheikh Fahad Al-Ahmed, kwenye mapigano ya kasri la Dasman. Wapenzi wa soka wa zamani mnamkumbuka: ni yule aliyeshuka kutoka jukwaani hadi uwanjani katika Kombe la Dunia 1982 kule Hispania, akibisha bao la Ufaransa, na refa akalifuta kweli! (Ufaransa walishinda 4-1 hata hivyo.) Alikuwa bosi wa soka la Kuwait. Upande wa pili, Kamati ya Olimpiki ya Iraq ilikuwa mikononi mwa Uday, mtoto wa Saddam. Wanamichezo watupu! Sasa urafiki kupitia michezo ulikuwa wapi asubuhi ile?

Msidhani haya ni ya Waarabu peke yao. Mwaka 1972 timu ya jeshi la Uganda, nayo iliitwa Simba (si huyu wetu wa Msimbazi), ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika, ikafungwa na Hafia ya Guinea. Machi 1978 Uganda wakacheza fainali ya Mataifa ya Afrika kule Accra. Nchi nzima ilikuwa juu kisoka. Oktoba mwaka huo huo wanajeshi wa Amin walikuwa Kagera, na yaliyofuata kila Mtanzania aliyesimuliwa na wazee wake anayajua.

Halafu kuna Kisangani. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita katikati ya mji ule, mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Mizinga ilianguka kwenye nyumba za watu, makanisani, mashuleni. Mamia ya raia walikufa. Ilipofika Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita ile, Kisangani ikiwemo.

Sasa majeshi hayo mawili yanakutana kwenye michezo ya majeshi ya Afrika Mashariki, ambayo ina soka, netiboli, kikapu, mpira wa mikono na mbio za nyika, pamoja na ngoma za utamaduni. Agosti 2019 michezo ilikuwa Nairobi. Wakati huo mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa tangu Februari, na mfanyabiashara wa kawaida alikuwa hapiti na gunia lake la mahindi. Lakini wajeda wa pande zote mbili walikuwa Nairobi wakitoka jasho. Mnaona kichekesho hicho? Mama ntilie hawezi kuvuka, sajenti anavuka kwenda kucheza mpira.

Mtasema basi huyu anataka michezo hii ifutwe. Hapana jamani. Nimelifikiria sana hili na bado naitaka. Anayeamua vita si beki wa kushoto, na CISM wangeacha kumtwisha beki wa kushoto mzigo huo ningewaheshimu zaidi. Beki anachopata ni kidogo tu: anamwona wa upande wa pili akichechemea, akimlalamikia refa, akiomba maji. Akipewa amri kesho atafyatua risasi, ndiyo kazi aliyoapa. Lakini hatamfyatulia mtu asiye na sura. Kwangu hicho kidogo kinatosha kulipia nauli za timu.

Kinachoniudhi ni kwamba huwa tunaandika habari hizi kwa mistari minne: mgeni rasmi nani, kavaa nini, kakagua gwaride. Nani alicheza na nani, na nchi zao zinatazamanaje siku hiyo, hatusemi.

Kongo nayo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameshaandika kwamba wanajeshi wa Rwanda wako nyuma ya kundi hilo, jambo ambalo Kigali inalikana. Ikitokea siku ratiba ikawakutanisha Wakongo na Wanyarwanda wakiwa ndani ya jezi, nitamng'ang'ania mhariri mpaka anitume. Na kama wakubwa wananisikia, mechi hiyo wasiipeleke Nairobi wala Dar. Waipeleke Kisangani, na zile siti za mbele wawape waliokuwepo Juni 2000.