Futari Bila Nazi

Ramadhani yetu ya kwanza Geita, tulipohamia kutoka Tanga, nazi zilikuwa adimu, nami hurudi kazini alasiri imekwisha. Jirani yangu, mama wa Kisukuma asiyefunga, akaniletea bakuli la matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikauke. Nilividharau, Mungu anisamehe. Bwana Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula, mimi nilikitia ila hata kabla ya kukionja!

Siku moja, sina kitu jikoni, nikaviloweka asubuhi. Jioni nikavipika kwa maziwa ya ng'ombe, hiliki na sukari kidogo. Adhana haijaadhiniwa, futari tayari. Watoto wakakomba sufuria.

Bakuli lake lilikuwa kwangu wiki ya pili, tupu. Nikalijaza, nikavuka ua.