Kopo la Bibi wa Manda na Milioni 40 za Dalali

Kuna dada mmoja Makambako, ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa karibu na stendi. Desemba alikwenda kumsalimia bibi yake Manda, kule Ludewa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako Wajerumani walikuwa na bandari yao wakiiita Wiedhafen. Akarudi na kopo la majani ya chai lenye sarafu saba za Mjerumani. Bibi alimwambia neno moja tu: "Zitunze."

Basi bwana, usiku uleule akazisugua kwa ndimu, majivu na stilwaya mpaka zikawaka. Akapiga picha, akaweka status. Kabla hajalala, dalali wa Dar akawa ameshaingia inbox: ile ya njano ya 1916 ni dhahabu, kuna mzungu ana milioni 40 mkononi. Atume laki tatu na nusu tu, ya kipimo na kibali.

Hela hiyo alikuwa nayo. Tatizo ilikuwa floti, na floti ni ya bosi.

Asubuhi, kidole kikiwa karibu kabisa na kitufe cha kutuma, akatokea mteja wake, mwalimu mstaafu anayekusanya sarafu za zamani. Akamwonyesha. Mzee hakuuliza bei, aliomba mwanga.

"Binti, kwanza soma ilikozaliwa. Herufi A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora."

Ile ya njano ilikuwa na T. Wakati wa vita, meli za Mwingereza zilifunga pwani, sarafu kutoka Ulaya zikawa haziingii. Mjerumani akaamua kugonga zake kwenye karakana ya reli Tabora, mwaka 1916. Ni kweli alitoa ya dhahabu, rupia 15, zipatazo elfu 16 hivi, uzito gramu 7 na kidogo. Ila ile ina tembo na mlima nyuma yake.

"Hapa tembo yuko wapi?"

Hakukuwa na tembo. Kulikuwa na taji na maandishi 20 HELLER, neno lilelile lililotuachia hela. Shaba ya njano, tena kubwa kuliko ile ya dhahabu.

"Mbona sumaku haikuivuta?" dada akabisha.

"Sumaku haivuti shaba, haivuti dhahabu. Inakamata feki za chuma tu."

Akashika nyingine zenye tundu katikati, heller 10. Tundu lile ni la kiwandani, duara safi. Kisha akageuza rupia ya fedha yenye Kaizari na kofia yake ya tai. Tundu lake lilikuwa juu ya kofia, limepinda, la msumari. Mkusanyaji akiona hivyo anashusha bei. Halafu mzee akainamisha sarafu zote kwenye jua, mikwaruzo ya stilwaya ikaonekana kama nyasi.

"Ile rangi ya kahawia uliyodhani uchafu ilikuwa ngozi ya miaka mia. Umeichuna."

Dada akamblock dalali. Floti ikabaki salama. Lakini moyo haukutulia, akampigia bibi kuomba msamaha. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Ile yenye tundu juu ya kichwa ipo?"

"Ipo, bibi."

"Hiyo mama yangu aliivaa shingoni siku ya harusi yake. Mwingereza alishaleta shilingi, haikununua hata chumvi. Baba yake akaitoboa kwa msumari ili binti yake asiende mikono mitupu."

Dada akanyamaza. Kwenye zile sarafu saba, kitu pekee kilichosema zimetoka kwa nani ni lile tundu linaloshusha bei.

Sita zimerudi kwenye kopo, hazisuguliwi tena. Rupia iko shingoni mwake, kwenye uzi mweusi, pale kibandani. Wateja wanamuuliza kila siku inauzwa shilingi ngapi. Anawahesabia pesa zao, anawaambia wahakikishe kabla hawajaondoka dirishani.

Haya wadau, nyumbani kwenu kuna kopo gani ambalo hamjawahi kumuuliza bibi habari zake?